Moyo Hausubiri Jioni

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mpenzi msomaji, methali hii tumeiandika katika insha nyingi mno, nami nilikuwa nikiitumia ili kupata alama tu. Likizo ya Aprili iliyopita ndiyo iliyonifunza maana yake. Ndiyo sababu mwaka huu sikuleta shairi wala hadithi katika jarida letu la Chama cha Kiswahili. Nimeleta maoni yangu kuhusu damu, moyo, na chembe ndogo za dhahabu.

Nianze na kisa chenyewe. Mjomba wangu ni fundi wa viatu. Kibanda chake kiko katika kichochoro kimoja karibu na barabara ya Tom Mboya, katikati ya jiji, na nyumba yake iko Kawangware. Asubuhi moja, saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kwenda kupanda matatu namba 46, alishikwa na maumivu ya kifua. Alisema ni kana kwamba mtu amemwekea jiwe la kusagia pale kati. Jasho lilimtoka ilhali kulikuwa na baridi, na mkono wa kushoto ukawa mzito. Kemisti alipofungua duka alimtazama mara moja tu akasema, "Mzee, hiyo ni alsa. Kunywa hii dawa na ukule mapema." Mjomba akanywa. Jiwe halikuondoka.

Saa mbili na nusu nilimsindikiza hadi kliniki moja ya mtaani. Tabibu aliyemwona hakuwa mjinga. Alishuku moyo tangu mwanzo, akamshauri aende hospitali kubwa moja kwa moja. Lakini Mjomba alikataa katakata. "Teksi ni pesa, kulazwa ni pesa. Nitaenda kwa sababu ya alsa?" Basi tabibu akamtoa damu ili ipimwe. Kliniki yenyewe haikuwa na kipimo hicho wala mashine ya ECG, kwa hivyo damu ikatiwa ndani ya kisanduku, ikapandishwa pikipiki, ikapelekwa maabara huko mjini. Tuliambiwa matokeo yatakuja jioni. Hebu fikiria hayo: siku hiyo Mjomba hakufika mjini, lakini damu yake ilifika.

Matokeo yaliingia katika simu ya tabibu mwendo wa saa tisa alasiri. Akamwambia, "Mzee, troponini yako ni pozitivu." Mjomba aliruka kitini licha ya maumivu. "Pozitivu? Mimi? Nimepata ukimwi?" Ilibidi tabibu amweleze polepole kwamba ukimwi haumo katika jambo hilo, bali misuli ya moyo wake ilikuwa ikifa. Hapo ndipo alipokubali kubebwa. Namshukuru Mungu kwamba yu hai. Hata hivyo, daktari wa hospitali kubwa alituambia kwamba sehemu ya moyo imekufa na haitafufuka, na kwamba saa zile tulizokaa kwenye benchi zilikuwa na thamani kubwa. Leo Mjomba anashona viatu saa tatu kwa siku, na akipanda ngazi chache tu hana budi kukaa chini apumue.

Simlaumu tabibu, wala simlaumu mwenye pikipiki. Hata Mjomba simlaumu, maana mtu maskini haendi hospitali kubwa kwa shaka. Anataka uthibitisho kwanza. Maoni yangu ni haya: uthibitisho huo unafaa kupatikana palepale kwenye benchi, kwa tone la damu na kwa muda wa dakika chache, katika kila kituo cha afya cha jiji hili, kama vile tunavyopimwa malaria na virusi vya ukimwi. Elimu ya kuwezesha jambo hilo ipo. Kinachokosekana ni kulitaka.

Kwanza, troponini ni nini? Ni protini iliyomo ndani ya misuli, nayo husaidia misuli kujikunja na kujikunjua. Ile ya moyo ina umbo lake la pekee, tofauti na ya mkono au ya mguu. Moyo ukiwa mzima, troponini hubaki ndani ya seli na ni kiasi kidogo mno kinachopatikana katika damu. Mshipa unaopeleka damu kwenye moyo ukiziba, seli hukosa oksijeni, hupasuka, na troponini huvuja. Baada ya saa tatu hivi huanza kuonekana katika damu, nayo hubaki huko kwa siku kadhaa. Ukiiona imepanda, jua moyo umeumia. Haina simile kama alsa, ambayo huweza kuigiza ugonjwa wa moyo, na moyo nao ukaigiza alsa.

Taabu ni uchache wake. Katika kipimo kimoja kinachotumika sana, kile cha troponini T, mpaka wa kawaida ni nanogramu 14 kwa kila lita ya damu. Mwalimu wetu wa Kemia alituachia tufanye hesabu wenyewe, nami nikaifanya hivi. Bwawa la Ndakaini, linaloleta sehemu kubwa ya maji ya Nairobi, likijaa huwa na mita za ujazo milioni 70, yaani lita bilioni 70. Ukichukua pakiti moja ya sukari ya kilo 1, ukaimwaga humo na kukoroga bwawa zima, utapata takribani nanogramu 14 za sukari katika kila lita. Sasa mtu akupe kikombe cha maji hayo na akuulize, "Je, mna sukari?" Hilo ndilo swali ambalo kipimo cha moyo kinaulizwa. Si ajabu kwamba kwa miaka mingi limejibiwa na mashine kubwa za maabara tu.

Hapa ndipo wanasayansi wanapoleta vitu vidogo kupita kiasi, ambavyo kwa jina la jumla huitwa nano. Nanomita 1 ni mita 1 iliyogawanywa mara bilioni 1. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Lakini kwa nini udogo usaidie? Chukua mchemraba wa kitu chochote wenye upande wa sentimita 1, kama kipande cha ugali. Eneo la nje ni sentimita 6 za mraba tu. Ukiukatakata uwe michemraba ya nanomita 1, ugali ni uleule, uzito ni uleule, lakini eneo la nje sasa ni mita 6,000 za mraba, karibu sawa na uwanja wa kandanda. Eneo likiongezeka, kuna nafasi kubwa ya kubandika kingamwili, zile protini zinazomkamata adui mmoja tu na kuwaacha wengine wapite. Basi kingamwili za kuikamata troponini hubandikwa juu ya chembe hizo, na damu ikipita, troponini hunaswa mithili ya samaki kwenye wavu.

Msomaji atasema, "Hayo ni mambo ya Marekani na Ujapani, hayatuhusu." Si kweli hata chembe! Yamekuwa humu mwetu siku nyingi. Kile kijiti cha kupima malaria katika zahanati, kile cha kupima virusi vya ukimwi, na hata kile cha kupima ujauzito, vingi huonyesha mstari mwekundu au wa waridi. Unajua wekundu huo ni wa nini? Ni dhahabu. Dhahabu ikigawanywa kuwa chembe za makumi ya nanomita hupoteza ule unjano wa pete ya arusi na kuwa nyekundu. Michael Faraday alilieleza jambo hili huko London mwaka wa 1857. Kwa hivyo mama aliyepimwa malaria Kangemi au Riruta huenda ametumia nano bila kuambiwa, na hakuhitaji kujua Kiingereza ili auone mstari.

Kifaa kinachounganisha kitu cha uhai, kama kingamwili au kimeng'enya, na kitu cha kutoa ishara, kama rangi au umeme, huitwa kihisi cha kibiolojia. Wazo hili lilianza kujulikana mwaka wa 1962, Leland Clark wa Marekani na mwenzake walipoeleza namna ya kupima sukari kwa kutumia elektrodi. Kutokana na wazo hilo tumepata ile mashine ndogo ya kupima sukari ambayo wazee wengi wenye kisukari wanayo nyumbani. Kwa ajili ya moyo, watafiti wanatumia dhahabu, nanotyubu za kaboni, na grafini, ambayo ni karatasi ya kaboni yenye unene wa atomi 1 tu. Grafini ilitengwa mwaka wa 2004 katika Chuo Kikuu cha Manchester, na Andre Geim na Konstantin Novoselov wakapata Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kazi hiyo mwaka wa 2010. Troponini ikitua juu ya grafini yenye kingamwili, umeme unaopita hubadilika kidogo, na badiliko hilo husomwa kama tarakimu.

Nisije nikadanganya. Vingi vya vihisi hivi vya grafini na nanotyubu bado viko katika maabara za utafiti. Damu ni kitu kigumu, imejaa protini nyingine zinazoganda juu ya kihisi na kukichanganya. Hata hivyo, mashine za kushikwa mkononi zinazopima troponini kwa muda mfupi zipo na zinatumika duniani, na vijiti vya troponini vipo pia, ingawa vile vya zamani havioni kiasi kidogo sana. Kazi ya nano ni kukifanya kijiti cha bei nafuu kiwe na macho makali kama ya mashine kubwa. Safari hiyo imekwisha anza. Swali langu ni iwapo sisi tutakuwa ndani ya gari au tutabaki stejini tukipunga mkono.

Tena jambo lenyewe si dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2019 magonjwa ya moyo na mishipa ya damu yaliua watu milioni 17.9, na zaidi ya robo tatu ya vifo vya aina hiyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hivyo ule usemi kwamba moyo ni ugonjwa wa matajiri wa mitaa yenye lango la umeme umepitwa na wakati. Hapa Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa shinikizo la damu hata mara moja maishani. Mjomba alikuwa mmoja wao, ilhali kila siku alipita karibu na wale vijana wa mjini wenye mizani na mashine ya presha kando ya njia!

Nilipoyatoa maoni haya katika mjadala wa chama chetu, nilipingwa vikali, na ni haki niwape wapinzani wangu nafasi.

Dada mmoja wa kidato cha nne alisimama akasema, "Zahanati ya kwetu glavu huisha, Panadol huisha, na wewe unataka dhahabu na grafini. Si hiyo ni kuvaa tai bila shati?" Darasa likamshangilia. Kwa kweli hoja yake ina uzito. Lakini naomba tukumbuke vijiti vya malaria. Navyo vililetwa katika zahanati zilezile zisizo na glavu za kutosha, na kwa sababu hiyo mgonjwa hapewi dawa ya malaria kwa kubahatisha tu. Kipimo rahisi ni msaada mkubwa zaidi kwa zahanati maskini kuliko kwa hospitali tajiri, kwa kuwa hospitali tajiri tayari ina mashine na mabingwa. Aliye jangwani ndiye anayehitaji kibuyu.

Mwalimu wa Baiolojia naye aliuliza swali gumu zaidi. Je, kama mtu atapimwa saa ya kwanza tu baada ya maumivu, kabla troponini haijavuja vya kutosha? Kijiti kitasema hakuna kitu, mgonjwa ataenda nyumbani akiwa na furaha, na usiku atakufa. Hapa nakiri kwamba nilinyamaza, nikaenda kusoma. Jibu nililolipata ni kwamba hata mabingwa hawategemei kipimo kimoja. Hupima tena baada ya muda ili waone kama kiasi kinapanda, nao hutazama umeme wa moyo kwa ECG. Mshtuko mkubwa ukionekana katika ECG, hawangoji damu hata kidogo. Kwa hivyo kijiti kisije bila mafunzo. Kije pamoja na mashine ndogo ya ECG, saa ya ukutani, na amri moja iliyo wazi: maumivu yakiendelea, mgonjwa apelekwe mbele hata kama mstari haukutokea. Mstari ukitokea, asingoje chochote.

Wa tatu alikuwa na woga wa matapeli. Alisema mjini kuna watu wenye mashine za kushika mkononi ambazo eti huonyesha magonjwa yote ya mwili kwa dakika moja, na mwisho wa yote unauziwa dawa za maelfu. Naungana naye mia kwa mia. Ndiyo maana nasema kipimo hiki kikaguliwe na vyombo vya serikali, kilinganishwe na mashine za maabara kwa damu ya watu wetu wenyewe, na kitumiwe na watu waliosomea kazi. Kisiuzwe kando ya njia kama karanga.

Basi nini kifanyike? Mimi naona mambo manne.

La kwanza, kaunti yetu iweke kipimo cha troponini na ECG katika orodha ya vitu ambavyo kituo cha afya hakiwezi kuitwa kituo bila kuwa navyo. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka wa 2023 iliunda mifuko 3, mmojawapo ukiwa wa afya ya msingi. Mfuko huo ndio unaomfaa mtu kama Mjomba. Kulipia kijiti leo ni nafuu kuliko kulipia kitanda kesho kutwa.

La pili, tusikae kungoja meli. Taasisi ya KEMRI, iliyoanzishwa mwaka wa 1979, imewahi kutengeneza hapa Nairobi kipimo cha virusi vya homa ya ini aina ya B. Wanaojua kutengeneza kipimo cha ini hawashindwi kujaribu cha moyo wakipewa fedha. Na pale Chiromo, mwendo mfupi tu kutoka katikati ya jiji, Chuo Kikuu cha Nairobi kina wanafizikia na wanakemia.

La tatu linatuhusu sisi wanafunzi. Wenzangu wengi wa kidato cha tatu huikimbia Fizikia wakisema ni ya watu wenye vichwa vikubwa. Mimi mwenyewe nilikuwa mbioni. Sasa nikisoma habari za mkondo wa umeme nauona uso wa Mjomba. Atakayetengeneza kihisi hicho huenda ameketi dawati la nyuma anapiga soga. Amka, ndugu yangu!

La nne ni la chama hiki. Mjomba alipoambiwa "pozitivu" alikaribia kufa kwa woga wa ugonjwa asiokuwa nao. Kama angeambiwa, "Damu yako inaonyesha moyo umeumia," angeelewa mara moja, naye angeinuka mara moja. Kiswahili chetu kisiishie katika mashairi ya mapenzi na nahau za mtihani. Kiingie maabara, kiandikwe juu ya pakiti ya kijiti, kimweleze mgonjwa mstari una maana gani na afanye nini. Napendekeza kwamba mwaka ujao chama chetu kitenge kikao kimoja cha kutafsiri maelezo ya vipimo vya zahanati, kisha tuyapeleke huko yabandikwe ukutani.

Na kabla kijiti hakijafika, mpenzi msomaji, nakuachia jambo ambalo halina gharama. Mzazi wako akishikwa na maumivu ya kifua yanayobana, hasa yakienda kwenye mkono, shingo au taya, na jasho la baridi likimtoka, usikubali neno alsa kutoka kwa mtu asiyempima. Mlazimishe kwenda. Lia ikibidi. Mimi siku ile nilikaa kwenye benchi kwa adabu, nikingoja wakubwa waamue, na adabu hiyo bado inanisumbua moyoni.

Juzi nilimpelekea Mjomba viatu vyangu vya shule avitie soli. Nilimsimulia habari za dhahabu nyekundu na bwawa la Ndakaini. Alicheka, akapumzika kidogo apate pumzi, kisha akasema, "Kumbe hicho kitu kingenitosha siku ile. Ningeona mstari tu, ningeenda."

Ningeona mstari tu, ningeenda. Wakubwa wetu wa kaunti na wa vyuo, kama jarida hili litawafikia, tafadhali lichukueni neno la fundi wa viatu. Moyo hausubiri jioni.